Kuhesabiana Katika Ukungu

(Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 27:13–44)

Mwenye Biblia na aifungue Matendo ya Mitume, mlango wa 27, kuanzia mstari wa 13 hata mwisho. Asiye nayo karibu asihangaike. Tutaieleza habari hiyo kwa maneno yetu, naye ataisoma jioni pamoja na watu wa nyumbani mwake.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni hili: mtu afanyeje anapotakiwa kuendelea na safari ambayo haioni? Hatusemi juu ya mtu aliyepotea kwa kuiacha njia. Tunasema juu ya mtu aliye katika njia iliyo sawa, mwenye macho mazima, lakini mbele yake pamefunikwa. Hali hiyo sisi Wakristo wa Garissa na Kaskazini Mashariki tunaijua, nanyi mlio kwingineko mnaijua kwa namna yenu.

Kwa macho ya mwili, nchi yetu ni nchi ya kuona mbali. Mji wa Garissa uko chini, mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake imetandazwa kama jamvi. Ukisimama pembeni mwa Waberi asubuhi waweza kuwaona ngamia wangali mbali, wadogo kama mchwa, ukawahesabu kabla hujajua ni wa nani. Kinachotuzuia kuona ni vumbi, nalo hupita. Ukungu mzito wa kukaa tangu asubuhi hata jioni, watoto wetu wengi hawajapata kuuona.

Basi mwezi wa Julai mwaka 2018 kikundi cha ushirika wetu, watu 19, tulisafiri kilometa zipatazo 370 kwenda Nairobi kwa mkutano wa vijana, na siku moja ikatengwa ya kupanda vilima vya Ngong. Vijana walifurahi sana. Walitaka kuliona Bonde la Ufa kutoka juu, na kupiga picha za kuwaonyesha wenzao nyumbani.

Vilima hivi viko kusini-magharibi ya Nairobi, katika Kaunti ya Kajiado, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukivitazama kutoka mbali siku ya jua, waona vilele vinne vimepangana kama vifundo vya ngumi. Lakini ukitembea juu ya mgongo wenyewe, kutoka upande wa mji wa Ngong hata Kona Baridi, mwendo wa kilometa zipatazo kumi, utaona kwamba vinne vile vina wenzao, na wengi wapandao huhesabu saba. Kilicho kirefu kupita vyote ni Lamwia, mita 2,460. Upande wa mashariki mteremko ni wa taratibu. Upande wa magharibi ardhi inaanguka ghafula kwenda bondeni.

Tulipofika langoni asubuhi ile hapakuwa na vilima. Palikuwa na weupe tu. Yafaa tueleze jambo hili kwa wale wasiolijua. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti pepo za kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa ile ikifika penye vilima haina pa kupita ila juu. Ikipanda, inapoa, ikipoa, unyevu wake unageuka kuwa matone madogo mno, mepesi hata hayaanguki. Huo ndio ukungu: ni wingu lililokaa chini. Kwa mtu wa Nairobi ni wingu juu ya mlima. Kwa mtu aliye juu ya mlima ni ukuta unaotembea pamoja naye, hatua kumi mbele na hatua kumi nyuma.

Askari wa misitu aliyepewa kutuongoza alikuwa mtu wa maneno machache. Alitupanga mstari mmoja, akampa kila mtu namba yake, kisha akatupa amri nne.

Amri ya kwanza: mtu asiende mahali ambapo hamwoni aliye mbele yake. Amri ya pili: yule aendaye polepole kuliko wote atakuwa wa kwanza nyuma ya kiongozi. Kati yetu alikuwamo mama mmoja wa umoja wa wanawake, mwenye umri upatao miaka 60, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu. Askari alimwambia, "Mama, wewe utanifuata mimi. Tutakwenda mwendo wako." Kijana mmoja akasema, "Afande, kwa mwendo huo tutachelewa." Naye akajibu, "Tutachelewa sote pamoja."

Amri ya tatu: tukifika kwenye kila kilele, kabla mtu hajakaa wala kunywa maji, tutahesabiana. Kila mmoja ataitaja namba yake kwa sauti. Amri ya nne ndiyo vijana waliyoicheka: mtu akijikuta hamwoni mtu yeyote, asitafute njia. Asimame hapo hapo alipo, apaze sauti, angoje.

Tukaanza kupanda. Upande ule wa mji wa Ngong iko mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na mingi zaidi ikaongezwa baadaye. Tulisikia mapanga yake yakikata hewa juu ya vichwa vyetu, vuu, vuu, wala hatukuona hata nguzo zake. Sauti ile ilipoanza kubaki nyuma yetu ndipo tulipojua kwamba tunakwenda mbele. Hatukuwa na alama nyingine.

Ndugu msikilizaji, mtu anayepanda kilele kimoja ana kazi moja: apande hata afike, kisha arudi. Lakini anayepanda vilele vingi kwa siku moja ana kazi nyingine kabisa. Kila alichokipanda kwa jasho hana budi kukiacha. Anashuka, kimo chote kile kinapotea, kisha anaanza upya kana kwamba hajapanda kitu. Na penye ukungu hajui vimebaki vingapi. Kwenye kilele cha pili tulidhani tumefika cha tatu. Kwenye cha nne mmoja alishukuru akidhani ndicho cha mwisho. Magoti yalichoka, lakini zaidi ya magoti, moyo ulichoka kwa kudanganywa.

Tulipofika kilele cha tano tukahesabiana kama kawaida. Moja, mbili, tatu, na kuendelea. Kumi na sita. Kumi na saba. Kisha kimya.

Vijana wetu wawili wa mwisho hawakuwapo. Aliyekuwa wa 17 alisema alisikia nyayo nyuma yake muda wote. Kumbe ulikuwa upepo katika majani. Wengine walitaka kukimbia kurudi nyuma kuwatafuta. Askari aliwazuia kwa mkono. "Mkitawanyika," alisema, "nitatafuta watu saba badala ya wawili." Akapuliza filimbi mara tatu, akasikiliza. Hapakuwa na jibu, kwa maana upepo ulitoka upande wao wa kushoto ukaichukua sauti. Ndipo yule mama akasema, "Basi na tuimbe." Tukaimba, watu 17 kwa sauti zetu zote, wimbo ambao kila mtu katika ushirika wetu anaujua tangu shule ya Jumapili. Tulipomaliza tukauanza tena.

Ilipita kama dakika 20. Zilikuwa ndefu sana. Kisha kutoka katika weupe ule, chini kidogo, tukasikia: "Kumi na nane!" Na mara sauti nyingine: "Kumi na tisa!"

Walikuwa wamesimama ili mmoja atoe mwiba uliopenya kiatuni. Walipoinua vichwa hawakuona mtu. Mbele yao njia za ng'ombe za Wamasai ziligawanyika mbili, moja ikipanda na nyingine ikiteremka kushoto, nayo ya kushoto ndiyo iliyokanyagwa zaidi. Wakataka kuifuata. Ndipo mmoja akaikumbuka amri ile waliyoicheka. Wakasimama wakishikana mikono, wakangoja, hata waliposikia kuimba. Mhubiri, katika mlango wa nne, anafundisha kwamba afadhali wawili kuliko mmoja, kwa kuwa mmoja akianguka yuko wa kumwinua. Wawili wale walijifunza ukweli wa neno hilo wakiwa wamesimama tu.

Tulifika Kona Baridi alasiri. Ukungu haukuondoka siku ile. Hatukuliona Bonde la Ufa, wala Nairobi, wala hata kilele kimoja kwa ukamilifu wake. Ndani ya gari kijana mmoja alinung'unika kwamba tumelipa nauli yote ile na hatukuona kitu. Mama yule akamwambia, "Mwanangu, mimi nimewasikia wote mkitaja namba zenu. Hilo lanitosha."

Wapendwa, sasa na tuiendee habari ya Paulo. Jahazi lake lilitoka Krete, na upepo wa kusini ukivuma taratibu mabaharia walidhani mambo yamekuwa kama walivyotaka. Mara ikashuka tufani. Luka aliyeiandika habari hii alikuwamo, naye ataja jambo ambalo kila baharia wa zamani aliliogopa kuliko mawimbi: kwa siku nyingi jua halikuonekana, wala nyota. Watu wale hawakuwa na dira. Jua na nyota ndizo zilizokuwa dira yao. Zilipofichwa, walikuwa katika ukungu sawasawa na mtu aliye juu ya mlima mweupe. Ndipo, asema Luka, tumaini lote likaondoka.

Angalieni mambo matatu waliyoyafanya.

La kwanza, walipima. Usiku wa 14, mabaharia walipohisi kwamba nchi iko karibu, walitupa kamba yenye uzito majini. Wakapata pima 20. Wakaenda kidogo, wakapima tena, wakapata 15. Hawakuweza kuona, lakini waliweza kupima. Ndugu, imani haitutaki tujifanye kwamba twaona. Yatutaka tutumie kile kidogo tulichopewa: kamba, filimbi, wimbo, neno la Mungu tunalolijua tayari, hata kama ni mstari mmoja. Mtu aliyefiwa na mumewe hawezi kuiona miaka kumi ijayo. Aweza kuipima siku ya leo: je, watoto wamekula? Je, ada ya muhula huu imepatikana? Ni nani wa kumwendea? Apime, asonge kidogo, apime tena.

La pili, walisimama. Walitupa nanga nne, wakaomba kupambazuke. Mabaharia wale walikuwa watu wa kazi, nao walijua kwamba kuna saa ambayo kwenda mbele ni kujiangamiza. Sisi wanadamu twaona aibu kusimama. Tukiwa na shaka twaongeza mwendo. Kijana asiyeijua njia yake huoa kwa haraka, huuza shamba kwa haraka, huondoka nyumbani kwa haraka na mtu asiyemjua aliyemwahidi kazi nchi ya mbali. Ni afadhali asimame mahali alipo, apaze sauti, angoje. Huko si kukosa imani. Walioziteremsha nanga zile ndio walioomba.

La tatu, walikaa pamoja. Hapa ndipo penye moyo wa habari yenyewe. Mabaharia walitaka kutoroka. Waliteremsha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kuweka nanga za mbele. Paulo aliwaambia askari kwamba watu hao wasipobaki chomboni, hakuna atakayeokoka. Askari wakazikata kamba za mashua, wakaiacha ianguke. Na Luka, katika giza lile, anasimama na kuhesabu watu. Anaandika idadi: watu 276. Kwa nini atuambie hesabu hiyo? Kwa sababu mwishoni anataka kutuambia kwamba wote walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Asiyehesabu watu mwanzoni hawezi kujua mwishoni kama wote wamefika.

Tena mkumbuke ni akina nani hao 276. Wengi hawakuwa Wakristo. Walikuwamo askari wa Kirumi, wafungwa na mabaharia. Malaika alimwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Wote, si waumini peke yao. Paulo hakuomba kwa ajili ya ndugu wawili watatu na kuwaacha wengine wazame.

Ndugu zangu wa Kaskazini Mashariki, neno hili lina uzito kwetu. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili katika mji wetu wa Garissa yalishambuliwa, watu 17 wakauawa. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliteremshwa kutoka basi karibu na Mandera wakauawa, baada ya kutengwa na wenzao kwa sababu ya dini. Tarehe 2 Aprili 2015, asubuhi kabla ya mapambazuko, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kilele kimoja cha huzuni hata hatujashuka vizuri, kingine mbele yetu, wala hatukujua vimebaki vingapi. Walimu wengi waliondoka, na wauguzi, na mafundi. Hatuwalaumu. Mtu mwenye watoto ana haki ya kuwatafutia usalama. Lakini sisi tuliobaki, na wale waliorudi chuo kilipofunguliwa tena Januari 2016, tulitembea bila kuona.

Na katika ukungu huo tulijifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Baada ya mashambulio ya mwaka 2012 viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa. Tena tarehe 21 Desemba 2015 basi lingine lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Washambulizi waliwataka abiria Waislamu na Wakristo watengane. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo nguo za kujifunika ili wasitambulike, na abiria wakasema kwamba kama ni kuua, wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi akiwatetea, akafa kwa jeraha hilo mwezi wa Januari 2016. Baada ya kifo chake taifa lilimtunuku nishani.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakumtaja mtu wa dini ya aliyeuliza. Alimtaja Msamaria. Sisi tunaokaa Waberi hatuna haja ya kuufafanua mfano ule kwa maneno mengi. Abiria wa El Wak walikataa kukaa ndani ya mashua ndogo. Walibaki chomboni pamoja na wenzao. Je, sisi nasi tumekuwa majirani wa namna hiyo kwao? Wakati mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hata 2022, na mifugo ya jirani zetu ikafa mbele ya macho yao, je, chakula cha msaada kilipofika kanisani tulihesabu Wakristo tu? Mafuriko yalipokuja mwishoni mwa 2023, na tena mwaka 2024, je, tulimwona mama wa Kisomali aliyebeba godoro lake lililolowa, au tulipita upande wa pili? Kila mmoja ajibu mbele za Mungu.

Wapendwa, tunawaombeni pia mtazame ndani ya ushirika wenu wenyewe. Makanisa mengi yanajua hesabu ya sadaka mpaka shilingi ya mwisho, lakini hayajui hesabu ya watu. Jumapili tunafika kileleni, tunaimba, tunafurahi, tunashuka. Namba 18 hakuitika. Aliyekuwa mbele yake alidhani anasikia nyayo. Labda ni mwalimu kijana aliyeletwa hapa na serikali, asiyemjua mtu, aliyekuja mara mbili kisha akaacha. Labda ni mjane. Labda ni mzee wa kanisa mwenyewe, ambaye kila mtu amdhania yu mzima kwa kuwa huketi mbele, naye moyoni amesimama penye njia panda, na ile ya kushoto yaonekana imekanyagwa zaidi.

Basi juma hili fanyeni jambo moja. Katika kila kikundi cha maombi cha nyumbani, andikeni majina ya watu wote, kisha yasomeni kwa sauti. Penye kimya, msitawanyike kwa uvumi, huyu akisema hivi na yule vile. Nendeni wawili, mkabishe hodi. Na mkikuta mlango umefungwa, imbeni nje ya mlango, ili aliye ndani ajue sauti zetu ziko upande gani. Nanyi mlio na mwendo wa haraka, wenye elimu na nguvu na fedha, mkubali mama mwenye goti bovu atangulie. Kanisa linalokwenda mwendo wa wepesi wake litafika mapema likiwa na watu wachache.

Pengine yuko msikilizaji anayeuliza: kwa nini Mungu auruhusu ukungu? Kwani hakuweza kutupa njia nyeupe tangu mwanzo hata mwisho? Hatuna jibu la kuyamaliza maswali yote. Lakini liko jambo moja tunaloweza kuwaonyesha watu wa Garissa kwa kidole. Tazameni mto wetu, Tana. Hauanzii kwetu. Maji yake yanatoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Kati ya vilele viwili virefu vya Mlima Kenya, yaani Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, liko pengo ambalo Mwingereza Mackinder, aliyefika Batian kwa mara ya kwanza mwaka 1899, aliliita Lango la Ukungu. Mtu anayetoka kilele kimoja kwenda cha pili hupita hapo. Wapandao milima huyaogopa mawingu ya huko, maana huficha njia. Lakini mawingu yale yale, yakinyesha mvua na theluji, na ukungu ule ule ukidondoka kutoka katika majani ya misitu, ndiyo yanayoujaza mto tunaokunywa sisi tusio na mvua. Wingu linalomfumba macho mtu aliye juu linamnywesha mtoto aliye chini, naye hajui.

Musa alipopanda Sinai, wingu liliufunika mlima siku sita kabla hajaitwa. Petro, Yakobo na Yohana walipokuwa mlimani na Bwana, waliogopa walipoingia katika wingu, na ni kutoka ndani yake Baba aliponena. Hatusemi kwamba kila giza ni jema. Mauaji si wingu la Mungu, wala hatutayaita hivyo kamwe. Tunasema tu kwamba kutokuona kwetu hakumaanishi kwamba Mungu hayupo mahali pale. Huenda mateso unayoyavumilia leo kwa uaminifu yanakuwa maji ya mtu ambaye hutamwona.

Jina la Waberi, kwa lugha ya jirani zetu Wasomali, maana yake ni mapambazuko. Ni jina jema kwa watu wa kungoja. Wale waliokuwa pamoja na Paulo waliteremsha nanga nne, wakaomba kupambazuke. Hawakuweza kuyaleta mapambazuko kwa kuomba wala kwa kupiga makasia. Waliweza kufanya mambo yaliyo chini ya uwezo wao: kupima, kusimama, kukaa pamoja, kula mkate Paulo alipoushukuru na kuumega, na kuhesabu watu. Asubuhi ilipofika hawakuitambua nchi ile. Waliiona tu hori yenye ufuo, na hiyo ikawatosha.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uonaye pale sisi tusipoona, uwahesabu watu wako. Wakumbuke waliofiwa katika mji wetu na katika chuo chetu, na katika nyumba za Mandera, za Wakristo na za Waislamu. Wape waliochoka katikati ya vilele nguvu za kushuka na kupanda tena. Aliyesimama penye njia panda usiku huu, umsikilizishe sauti za ndugu zake. Sisi nasi utupe mapafu ya kuimba hata aje. Utuzuie tusiikimbilie mashua ndogo na kuwaacha wengine chomboni. Mwishoni utufikishe pwani, sote, hata kama ni juu ya mbao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.